Nakiete na Senkondo Wahamia Kwenye Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa ukame, pakawa ngurumo. Sogeeni karibu, hadithi yenyewe ina kelele.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke aitwaye Nakiete na mumewe Senkondo. Waliishi nyikani, mahali ambapo mvua ilipita mara moja kwa mwaka, tena kwa haraka, kama mgeni asiyetaka chakula. Mwaka mmoja haikupita kabisa. Ng'ombe wakafa, kisima kikakauka.

Nakiete alikuwa na miche tisa ya magimbi aliyoachiwa na mama yake. Gimbi halistahimili kiu. Akaifunga miche kwenye kitambaa kibichi, akasema, "Mume wangu, mvua haitufuati. Twende tukaishi kwake."

"Twende," akasema Senkondo, "lakini pasiwe na radi."

Maana Senkondo, mwanamume mwenye mabega mapana, aliiogopa radi tangu utotoni. Ikinguruma, alijifunika ngozi gubigubi.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea, wakafika bonde lenye ukungu. Hapo wakamkuta Kinyonga.

"Hodi, mwenyeji. Mvua ipo?"

"Ipo."

"Radi ipo?"

"Haipo."

Senkondo akafurahi, akatua mzigo. Wakakaa siku saba. Majani yalilowa kila asubuhi, lakini Nakiete alipochimba, jembe lilitoa vumbi. Miche mitatu ikafa.

"Kinyonga, mbona ulituambia mvua ipo?"

"Ipo," akasema Kinyonga. "Lakini ya kwetu hainyeshi. Inalamba tu."

Wakatembea, wakatembea, wakatembea, wakafika nyuma ya mlima mkubwa. Wakamkuta Kanga anachakura.

"Hodi, mwenyeji. Mvua ipo?"

"Tunaisikia."

"Radi ipo?"

"Nayo tunaisikia. Kila siku!" akasema Kanga kwa majivuno.

Wakakaa siku saba. Kila alasiri mlima ulinguruma, Senkondo akajifunika ngozi. Tone halikuanguka. Mawingu yalimwaga maji yote upande wa pili, yakafika huku matupu. Miche mitatu ikafa.

"Hofu nimeipata," akasema Senkondo, "maji sijayaona."

Ikabaki miche mitatu. Wakauzunguka mlima, wakafika upande ule unaotazama ziwa. Nakiete akaona nyumba zenye mapaa marefu yaliyochongoka, na mawe yaliyoota kuvu. Hakuhitaji kuuliza, lakini adabu ni adabu. Wakamkuta Chura.

"Hodi, mwenyeji. Mvua ipo?"

"Ipo. Jana ilinyesha, leo itanyesha, kesho msianike nguo."

"Radi ipo?"

"Ipo. Hao wawili hawaachani. Mkimtaka mmoja, mpokeeni na mwenziwe. Ila sikilizeni: msijenge kileleni, msijenge mtoni, msijenge chini ya mti mrefu uliosimama peke yake."

Nakiete akapanda miche yake siku hiyo hiyo, akajenga kibanda katikati ya mteremko. Senkondo akatazama huku na huku, akaona juu ya kibanda mvule mmoja mkubwa wenye majani tele, umesimama peke yake.

"Mimi nitakaa pale," akasema. "Radi haitaniona."

"Mume wangu, Chura amesema nini?"

"Chura hana paa. Anajua nini?"

Siku ya kwanza ikanguruma. Nakiete akaita, "Senkondo, njoo!" Akajibu, "Nimejificha!"

Siku ya pili ikanguruma. Nakiete akaita, "Senkondo, njoo!" Akajibu, "Nimejificha!"

Siku ya tatu mbingu ikawa nyeusi mchana. Nakiete akaita, hakujibiwa. Akaita tena, hakujibiwa. Hapo akatoka mwenyewe, mvua ikimchapa usoni, akamkuta mumewe amekumbatia shina, macho ameyafumba.

"Toka!"

"Siwezi. Miguu imekataa."

"Basi nami nakaa hapa. Tufe wote."

Senkondo akafumbua macho. Akamwona mkewe anatetemeka, maji yanamtiririka kichwani, akajua hatanii. Akauachia mti. Wakashikana mikono, wakateremka mbio, wakaanguka, wakainuka, wakaanguka tena.

Walipokuwa wangali matopeni, radi ikapiga: pwaa! Mvule ukapasuka toka juu hadi chini, ukatoa moshi ndani ya mvua.

Senkondo akautazama kwa kitambo. Kisha akamfuata mkewe mpaka mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Nakiete, naweza kuingia?"

"Ingia. Lakini futa miguu."

Wakaishi huko miaka mingi. Senkondo hakuacha kuogopa. Kila iliponguruma alimshika mkewe mkono, na mkewe hakumcheka.

Basi, anayetaka neema ajifunze kuishi na kishindo chake, na wenyeji wakisema, asikie.

Juzi nilipita huko. Niliteleza mara tatu, ndiyo maana nasimulia nimekaa upande. Hadithi yangu naitua hapa: ikiwa tamu, gawaneni, ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.