Siku Fisi Alipotaja Dini Yake

Hii aliniambia shangazi yangu Mbuke, yule aliyekuwa akifagia kanisa, siku tuliyokuwa tunamenya karanga. Mimi sikusoma, nawapa kama nilivyopewa.

Hadithi iko mlangoni, hodi?

— Karibu, kaa.

Imekuja na nini?

— Imekuja na mdomo.

Haya, sogeeni.

Zamani wanyama wadogo walikuwa na kanisa lao. Lilikuwa pango tu, mlimani, katikati ya mawe. Pelele ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo. Mnamjua Pelele, yule mdogo kama sungura, hana mkia, anakaa kwenye mawe. Nyuma ya pango ndiko walikozika wafu wao. Panya walizika huko, Nungunungu wakazika huko, na Pelele alikuwa amemzika mama yake huko, udongo bado mbichi.

Basi Fisi akanusa ile harufu, akaja. Fuku, fuku, fuku, akamfukua mtoto wa Panya. Kacha, kacha, akamla. Kesho yake akaja tena. Fuku, fuku, fuku, akamfukua mzee Nungunungu. Kacha, kacha, akamla. Siku ya tatu akaja, akamkuta Pelele ameketi juu ya kaburi la mama yake.

"Toka hapo, bibie," Fisi akasema.

"Sitoki, kaka Fisi. Huyu ni mama yangu."

"Alikuwa mama yako. Sasa ni chakula kinaozea chini bure."

"Hapa ni kanisani."

"Kanisa gani hilo halina hata cheti? Twende kwa Nyati, nikakunyang'anye kwa sheria. Hutaki mama yako aliwe na jambazi, basi ataliwa na mwenye haki."

Nyati ndiye aliyekuwa hakimu. Mzito huyo, muda wote anatafuna, nywa, nywa, nywa. Na baraza lake lilikuwa na desturi moja. Mwenye kusema anasimama juu ya majivu. Neno ulilolisema ukiwa kwenye majivu halirudi mdomoni. Linakuwa sheria kwako na kwa ukoo wako wote, ndiyo maana ukoo nao huitwa uje usikie.

Fisi akaja na ukoo wake, wake zake, kaka zake na shemeji yake. Wakakaa nyuma mate yanawatoka, maana walijua kesi ikiisha kuna kula. Pelele naye alijua. Akishindwa, mama yake hafiki jioni.

Fisi akapanda kwenye majivu.

"Mheshimiwa, mimi naonewa. Pelele ana dini yake, anaimba, simkatazi. Mimi nami nina dini yangu. Dini yangu ni kula maiti. Anayenizuia kula ananizuia kuabudu. Sasa uhuru wangu uko wapi?"

Nyati akatafuna, nywa, nywa, nywa. "Hoja anayo," akasema.

Unasemaje, Shija? Kama fisi ana dini kweli? Nyamaza, ndiyo kesi yenyewe hiyo.

Wanyama wadogo wakaanza kulia. Pelele hakulia. Akamuuliza taratibu, "Kaka Fisi, nisaidie niielewe dini yako. Mtu wenu akifa mnamfanyaje?"

"Tunamla. Ndiyo heshima ya mwisho."

"Hamumwombei kwanza?"

"Tunamwombea tukitafuna."

"Sawa. Sasa kanisani kwetu huletwa wagonjwa waombewe. Hawajafa, wanajikokota tu. Dini yako inasema nini juu ya hao?"

Fisi akaona nyama ambayo hakuwa ameifikiria. Mate yakamchuruzika, chuu.

"Hao pia wamo," akasema. "Kwetu hatungoji mtu akate roho. Akishaanza kuchechemea, tunamhesabu marehemu."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata mkubwa. Dini yangu haina upendeleo."

"Asante, kaka, nimeelewa." Pelele akamgeukia Nyati. "Mheshimiwa, mimi sibishani na imani ya mtu. Naomba jambo moja. Mama yangu hakuwahi kuwa muumini wa Fisi. Alikufa akiimba nyimbo zetu. Kila dini ishike watu wake."

Nyati akatafuna, nywa, nywa, nywa. Akameza.

"Nimeamua. Pelele azike wafu wake, Fisi asiwaguse. Na dini ya Fisi nayo isizuiwe na mtu. Waumini wake waifuate kama alivyoitaja, kwa watu wao wenyewe. Wote wawili wapewe cheti." Akapiga kwato chini, ti.

Fisi akanuna. Akashuka kwenye majivu, akaondoka zake. Na fisi anavyotembea mnajua, mbele juu, nyuma chini, chepe, chepe, chepe.

Ukoo wake ukamtazama miguu.

Shemeji yake akasema kwa sauti ndogo, "Mnamwona mzee anavyotembea?"

Fisi akasimama. "Shemeji, ndivyo nilivyozaliwa. Wewe mwenyewe unatembea hivi hivi."

"Mimi nimekaa," shemeji akasema.

Fisi akamwangalia mke wake mkubwa. "Mama watoto, waambie."

Mke wake akainamisha kichwa. "Marehemu alikuwa mtu mzuri," akasema.

Fisi akaondoka mbio, chepechepe, chepechepe. Ukoo wote ukainuka, ukamfuata bondeni.

Pelele akawarudisha wenzake pangoni, wakaanza kuimba. Sauti ya Fisi ikatoka bondeni. Mama Panya akataka kuacha. "Imba," Pelele akamwambia. Ikatoka tena. "Imbeni kwa nguvu." Wakaimba wamefumba macho, mpaka kule bondeni kukatulia.

Mama yake Pelele akabaki salama ardhini. Mtoto wa Panya na mzee Nungunungu hawakurudi, hukumu haikuwafikia. Na fisi waliobaki, tangu siku hiyo wakitembea pamoja hakuna anayetaka kutangulia.

Basi mafunzo yake, wajukuu zangu, ni haya: iheshimuni dini ya mwenzenu. Mwacheni aifuate mpaka mwisho, msimkatishe.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, anayeiogopa aiache mlangoni.

Shija, vuta miguu mwenzio apate blanketi. Laleni sasa.