Kinachonyamaza Ndicho Mgonjwa

Mvua ya usiku ilikuwa imeosha miwa ya Navakholo ikabaki ikimeremeta, na barabara ya murram ilikuwa laini kama udongo wa mfinyanzi. Mzee Nehemiah Barasa aliendesha gari lake kuukuu kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Kando yake aliketi mkewe, Immaculate, amejifunika leso hadi kidevuni, macho ameyafumba. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na uhai wake sasa ulitegemea mashine ya kusafisha damu hospitalini mjini Kakamega. Kila baada ya siku chache ilikuwa sharti afike huko. Boda boda hakuiweza tena, kwa maana mitikisiko yake ilimwacha hoi. Gari hilo lenye gia za mkono ndilo lililokuwa miguu yake.

Barasa alikuwa ameendesha trekta za kubeba miwa tangu ujana hadi alipostaafu. Aliujua usukani kama mkulima anavyolijua jembe lake. Hata hivyo, kilichokuwa chini ya sakafu ya gari hakikuwahi kumsumbua akili. Kwake gari lilikuwa chuma. Ulitie mafuta, uliwashe, liende.

"Baba Ashley," Immaculate alisema bila kufumbua macho, "hiyo sauti unaisikia?"

"Sauti gani?"

"Kama mtu anasaga wimbi kwa jiwe, mbali. Mimi naisikianga kila tukija."

"Ni barabara, mama. Murram hailali kimya."

Lakini moyoni Barasa alijua si barabara. Naye alikuwa ameisikia, na kwa siri alikuwa amempelekea gari Osiako, fundi wa kando ya soko la Navakholo. Osiako alikuwa na kazi nyingi siku hiyo. Alitia oili nzito kwenye giaboksi, sauti ikafifia, Barasa akaenda zake akipiga mluzi. Sasa ilikuwa imerudi na ukali mpya, kama jirani aliyefukuzwa akarudi na wenzake.

Walipofika makutano ya kuingia mjini, malori ya miwa yaliwasimamisha. Gari liliunguruma papo hapo. Barasa alikanyaga klachi ili atie gia.

"Umeona?" Immaculate alifumbua macho. "Ukikanyaga hapo, inanyamaza. Achilia uone. Inarudi."

Barasa aliachilia. Msago ukarudi. Akakanyaga tena, kimya kikatanda. Alirudia mara kadhaa hadi dereva wa nyuma akampigia honi. Mkewe, aliyekuwa akirudi nyumbani kila mara akiwa amelegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua, alikuwa amelisikiliza gari lile safari zote hizo, naye mwenye usukani hakuwahi kuligundua hilo.

Alasiri, Immaculate alipotoka kwenye mashine, walikwenda mtaa wa Amalemba kwa dadake, Maurine, ambaye aliwaelekeza kwenye gereji ya jirani yake aitwaye Jael. Jael alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Alimsalimu mzee kwa heshima, akamletea Immaculate kiti kivulini, kisha akauliza, "Inasumbua nini?"

Barasa alianza kueleza habari za oili. Jael alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Immaculate. "Na wewe mama, unasikia nini?"

Immaculate alimweleza habari za klachi. Fundi aliinamisha kichwa, kama mwalimu wa kwaya anayetafuta sauti iliyopotoka.

"Basi kazi umenipunguzia nusu," alisema. "Mzee, washa. Usiingize gia yoyote."

Gari liliwashwa, na msago ukasikika. Jael alichukua bisibisi ndefu, akalala chini ya gari, akaegemeza ncha yake kwenye giaboksi na mpini wake sikioni. Alisogeza ncha huku na huku. Alipotoka alimpa Barasa bisibisi ile, akamwonyesha pa kugusa.

Mzee alilala kwenye gunia, akasikiliza. Alichokisikia kilimsisimua mwili. Kupitia chuma kile chembamba ulikuja ulimwengu mzima: mvumo mzito wa injini, mnong'ono wa mafuta, mizunguko juu ya mizunguko, na katikati ya hayo yote, kitu kilichokuwa kikilia. Hakuwahi kudhani kwamba ndani ya chuma kulikuwa na maisha mengi kiasi kile.

"Sasa nitakanyaga klachi," Jael alisema kutoka kwenye usukani.

Kilio kikakatika.

"Klachi inatenganisha injini na giaboksi," alimweleza alipozima gari. "Ukiikanyaga, shafti ya mbele ya giaboksi, mhimili unaopokea nguvu ya injini, inasimama. Kama kelele ingeanza unapokanyaga, ningesema beringi ya klachi yenyewe. Kama ingesikika kwenye gia moja tu, ningesema meno ya gia hiyo. Lakini hii inasikika gari likiwa limesimama bila gia, halafu inakoma shafti ikikoma. Kinachonyamaza ndicho mgonjwa, mzee. Ni beringi, ile pete ya gololi inayobeba shafti ya mbele."

"Tutafika nyumbani nalo?"

Jael alifungua kizibo cha chini ya giaboksi. Oili ilitiririka kwenye karai, nyeusi na nzito, na ndani yake zilimetameta chembe ndogo kama magamba ya omena.

"Hicho ni chuma kinachojila," alisema. "Mimi singempandisha mama humu."

Wakalala kwa Maurine. Asubuhi Barasa alifika gerejini akiwa na haraka zake, kwa kuwa kesho yake Immaculate alitakiwa tena hospitalini. Immaculate naye alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake cha jana akitazama giaboksi ikishushwa, ikafutwa, ikafunguliwa.

Jael alipoondoa nusu ya ganda lake, Barasa aliinama karibu. Meno ya gia yalikuwa yamekatwa kimshazari, yakashikana kama vidole vya mtu anayeomba. Gia kubwa na ndogo zilipangwa ubavu kwa ubavu, na kati yake mlikuwa na pete za shaba ambazo kazi yake, Jael alisema, ni kuzilinganisha mwendo ili zikutane bila kugombana. Aliizungusha shafti kwa kidole, na kila kitu kikaitikia kwa pamoja, polepole, kwa utaratibu uliomfanya Barasa avue kofia.

"Miaka yote hii," mzee alisema kwa sauti ya kanisani, "nimekuwa nikisalimiana na kitu ambacho sijawahi kukiona uso."

Kisha Jael alimwonyesha beringi. Gololi zake zilikuwa zimechimbika, na kizuizi kilichozishikilia kilikuwa na ufa. "Hiki kikipasuka, gololi zinaingia kati ya meno. Giaboksi inaweza kukwama magurudumu yakiwa mbioni."

Barasa aliufikiria mteremko wa kuelekea mtoni, ambao huupita na mkewe akiwa amelala.

Beringi iliyonunuliwa mjini Jael aliizungusha karibu na sikio lake, akaikataa. Alisema ina mchanga kooni. Akampigia simu Phineas wa Chekalini, muuza vipuri vya magari yaliyovunjwa, na Barasa akasafiri kuifuata nyingine. Aliporudi mchana, Jael aliizungusha, akatabasamu. Aliipasha moto ndani ya oili mpaka ikatanuka kidogo tu, kisha akaiteremsha kwenye shafti. Iliingia bila kupigwa nyundo, kama pete kwenye kidole.

Akafunga ganda lote, akakaza bolti zake. Barasa tayari alikuwa amesimama. Jael alijaribu kuizungusha shafti kwa mkono, akakunja uso. Akaanza kufungua tena kila alichokifunga.

"Fundi, kuna nini tena?" Barasa aliuliza, na subira ilikuwa imemwishia. "Jua linateremka. Mke wangu kesho anangojwa na mashine. Nifungie hivyo hivyo. Litaenda."

"Litaenda," Jael alikubali. "Lakini weka mkono hapa."

Barasa alizungusha. Shafti ilikwenda, ila mahali fulani ilisita, kidogo mno, kama mtu anayemeza tonge kubwa.

"Kusita huko ndiko kutakakoila beringi hii," Jael alisema. "Mzee, ukitaka hivyo, nitakuitia mwingine akufungie. Mimi mkono wangu hautaweza."

Barasa alimtazama mkewe. Immaculate alikuwa akiitazama giaboksi ile iliyo wazi, machozi yakimlengalenga, lakini si ya huzuni.

"Baba Ashley," alisema polepole, "figo zangu zilifanya kazi ndani yangu hivi, tangu nizaliwe. Sikuwahi kuzisikia. Nililima, nikazaa, nikacheza harusi za watu, na hata siku moja sikusema asante. Aliyeziunda alikuwa na subira. Mwache huyu naye awe na subira yake."

Barasa aliketi chini kwenye gunia, akashika taa ya mkono, akaielekeza penye vidole vya fundi. "Endelea, binti yangu," alisema.

Jael alitoa pete nyembamba kama ganda la kitunguu, ile ya kuziba nafasi kando ya beringi, akaweka nyingine, akapima. Akaitoa, akaweka nyembamba zaidi. Mzee hakuuliza tena. Alitazama jinsi unene usioonekana kwa jicho ulivyoamua kama chuma kizito kitaimba au kitalia. Hatimaye Jael alifunga, akamwita azungushe. Shafti ilizunguka, ikazunguka, na haikutoa sauti yoyote. Barasa aliendelea kuizungusha kitambo baada ya haja kwisha.

Kesho yake, asubuhi na mapema, walitoka Amalemba kwenda hospitalini. Barasa aliachilia klachi gari likiwa limesimama, akatega sikio. Hakukuwa na kitu ila mvumo wa injini na pumzi za mkewe.

Jioni walirejea Navakholo. Kwenye mteremko wa mtoni alipunguza gia, ya tatu, ya pili, na kila mara aliwazia zile pete za shaba gizani zikilinganisha mwendo, na meno yakishikana bila ugomvi. Mkono wake, uliobadilisha gia maisha yake yote, ulikuwa mwepesi kwa adabu. Immaculate alikuwa amelala fofofo.

Jirani yao Mathew aliwakuta wakiingia uani. Alilitazama gari lililotapakaa matope, akamwona Immaculate akishuka kwa miguu yake mwenyewe, akacheka. "Mzee Barasa, wewe una bahati. Gari kuukuu namna hii, na linateleza tu kama halina kazi."

Barasa alifungua kinywa amweleze habari za bisibisi na kilio alichokisikia ndani ya chuma, za mwanamke aliyefungua alichokwisha kufunga, na za pete nyembamba kama ganda la kitunguu. Akaona maneno hayatoshi. Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado na joto, akaliacha gari lipoe, akamshika mkewe mkono waingie ndani.

"Si bahati, Mathew," alisema. "Ukiona vyaelea, vimeundwa."