Kimevunjikia Wapi?

Nina mzigo wa maneno kichwani, nani ananipokea?

Semeni, "Tunakupokea, bibi!" Semeni kwa sauti, masikio yangu siku hizi yamechoka kuliko miguu. Haya. Sogeeni, kila mtu na mahindi yake ya kupukuchua, maana mdomo wangu haufanyi kazi kama mikono yenu imelala.

Leo Suma ameniuliza swali. Ameniuliza kwa nini kila tunapochoma vyungu naacha pembe moja ya tanuri kwa vyungu vitatu vya ajabu ajabu, kimoja chenye pua, kingine chenye masikio, ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza. Ameuliza huku ananitazama kwa pembeni, na mtoto anayenitazama kwa pembeni ana jambo lake. Tutafika huko. Kwanza swali.

Zamani hizo, bibi wa bibi yangu hajazaliwa, zamani ambapo fisi alikuwa bado anapiga hodi kabla ya kuingia zizini, kando ya ziwa palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, kikiitwa Lufumbo. Ardhi ya Lufumbo ilikuwa mawe juu, udongo wa kufinyanga chini. Ulezi hauoti, maharage hayaoti, hata magugu yaliota kwa kujilazimisha. Basi wanawake wa Lufumbo walikula kwa vyungu vyao. Wakafinyanga, wakakausha, wakachoma. Wakabeba, wakauza, wakala.

Na chungu kilikuwa na bei moja tu: ulezi unaokijaza. Mnunuzi anamimina ulezi wake ndani mpaka ujae, halafu anaongeza, anaongeza, mpaka ufanye kilima juu ya mdomo. Ulezi unabaki kwa mfinyanzi, chungu kinaondoka na mnunuzi. Kile kilima kilikuwa ndiyo raha yenyewe. Kwa ajili ya kilima, vyungu vyote vya Lufumbo vilikuwa na mdomo mpana. Mdomo mpana, kilima kikubwa. Binti alifundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusuka nywele.

Wanunuzi wao walikuwa watu wa mlimani. Wanawake wa kule walichotea maji vyungu vile vile, wakapandisha njia ya mawe, na maji yanarukaruka, yanawamwagikia shingoni. Watu wa Lufumbo waliyajua hayo? Hawakuyajua. Walijua kilima cha ulezi, basi.

Mwaka mmoja wakabeba, wakafika sokoni chini ya mlima, wakakaa. Jua likapanda, likashuka. Wakarudi na vyungu vyao. Siku ya soko ya pili, vile vile. Wakauliza, wakaambiwa kuna watu wa upande wa pili wameleta vibuyu. Vibuyu vyepesi, vya shingo nyembamba. Wanawake wa mlimani wamehamia huko.

Mkubwa wa tanuri alikuwa Bibi Subilaga, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufukuza nyani. Akawakusanya wote.

"Nimefikiri," akasema. "Kibuyu kikubwa kabisa ni cha kiasi gani? Hiki tu! Sisi tutafinyanga vyungu ambavyo hakuna kibuyu duniani kitavifikia. Vyungu vya kumficha ndama! Kila chungu kimoja kitatuletea ulezi wa vyungu vinne."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ikupa peke yake akanyoosha mkono. Ikupa alikuwa mjane, mama wa watoto wawili. Aliletwa Lufumbo akiwa mchanga baada ya maradhi kumaliza ukoo wake wote, akalelewa hapo, akaolewa hapo.

"Bibi," akasema, "tungefinyanga viwili kwanza, tuvipeleke tuone?"

"Viwili!" Bibi Subilaga akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mtoto akiwa na njaa unampa punje mbili uone kama atashiba? Tanuri zima!"

Wakafinyanga, wakakausha, wakachoma. Udongo wa miezi miwili ukaishia humo, na kuni zote. Vyungu vikatoka vizuri, jamani, vinang'aa. Walivibeba wanne wanne kwa machela. Sokoni watu wa mlimani wakavizunguka, wakavigonga kwa kidole, wakavisifu sana. Halafu mzee mmoja akauliza kwa upole, "Na sisi tutavipandishaje?"

Msicheke. Lugano, usicheke! Watu wazima wenye akili zao walikuwa wamehesabu ulezi utakaoingia ndani ya chungu, wakasahau kuna shingo itakayokuwa chini yake. Hata kimoja hakikununuliwa.

Jioni ile Bibi Subilaga alizungumza kwa sauti ndogo, na hiyo iliwatisha zaidi. "Ulezi uliobaki utatufikisha mvua za kwanza. Mvua zikianza hakuna kuchoma. Siku hiyo tutatawanyika, kila mtu aende kwao."

Kila mtu aende kwao. Mwenye kaka alimwaza kaka yake, mwenye shangazi alimwaza shangazi. Ikupa akawatazama wanawe. Kwao kulikuwa hapo hapo. Lufumbo ikifa, yeye na watoto wanabaki njiani. Usiku hakulala, na mimi nisingelala.

Asubuhi hakwenda kwenye udongo. Aliwaacha watoto kwa jirani, akapanda mlima mikono mitupu. Watu wakamsema: njaa imempanda kichwani. Akafika kwenye chemchemi, akakaa juu ya jiwe, akatazama wanawake wanavyochota. Siku nzima! Mwishoni mwanamke mmoja aitwaye Tusekile, mwenye mdomo usio na mlango, akamkabili.

"Dada, unatuhesabu? Au umetumwa na wachawi?"

"Natazama mnavyobeba maji."

"Basi kalale kwangu, kesho ubebe na wewe. Kutazama hakuumizi shingo."

Ikupa akabeba. Akabeba kwa chungu cha Lufumbo, akafika juu amelowa kama kuku wa mvua. Akabeba kwa kibuyu, akafika mkavu. Akamwambia Tusekile, "Kumbe kibuyu ni kizuri hivi!"

"Kizuri?" Tusekile akakunja uso. "Onja."

Akaonja. Maji ya vuguvugu, yenye uchungu wa kibuyu. "Mume wangu anayatema," Tusekile akasema. "Maji ya chungu chenu ni baridi na matamu, tatizo yanaishia mgongoni kwangu. Sasa nichague nini, kiu au mafua?"

Hapo, wajukuu zangu, Ikupa akapata neno lake. Akateremka mbio, akafinyanga chungu cha shingo nyembamba. Kimoja tu. Wenzake walipokiona walishika vichwa.

"Na kilima? Kilima kitakaa wapi juu ya mdomo huo? Hata kuku hashibi!"

"Sijui," Ikupa akasema. Na kweli alikuwa hajui. Aliogopa. Lakini akakausha, akachoma kwenye kitanuri kidogo cha majani, akampelekea Tusekile. "Sikuuzii. Kitumie kwa ukali wako wote. Kikivunjika, usikitupe. Niletee vipande sokoni."

Siku ya soko Tusekile akaja nacho kizima, amekasirika. "Maji hayamwagiki. Ila mkono hauingii! Nitakioshaje? Ndani kuna utelezi, kinanuka kama mbwa aliyelowa."

Kijiji kikacheka. Ikupa hakucheka, hakulia. Akapima mkono wa Tusekile kwa kamba, vidole vimekunjwa, akarudi. Akafinyanga, akakausha, akachoma. Shingo ya kiasi cha mkono.

Siku ya soko iliyofuata, Tusekile akaja na vipande ndani ya kanga. Eh, sema nguo ya magome, kanga zilikuwa wapi siku hizo! Wanawake wa Lufumbo wakapiga makelele. "Umekivunja! Chungu cha bure, na umekivunja! Nani atalipa?" Tusekile akainamisha kichwa, yeye na mdomo wake wote.

Ikupa akachuchumaa, akavipanga vipande chini, kimoja kimoja, mpaka vikaonyesha umbo la chungu. Akauliza kwa utaratibu kabisa:

"Kimevunjikia wapi?"

"Chemchemini."

"Ukiwa unafanya nini?"

"Nakipandisha kichwani. Mikono ilikuwa na maji. Shingo yake ni laini mno, ikaniponyoka."

"Ahsante," Ikupa akasema.

Ahsante! Bibi Subilaga alilisikia neno hilo. Maisha yake yote tanurini chungu kikivunjika aliuliza swali moja, "Nani amekivunja?" Na hakuwahi kupata jibu la kweli hata siku moja. Watoto walisema mbuzi, mbuzi wangesema watoto.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya ziwa. Ulezi ukabaki wa siku tisa. Ikupa akafinyanga cha tatu: shingo ya kiasi cha mkono, ukingo umegeuziwa nje vidole vipate pa kushika, na shingo nzima akaikwaruza kwa ukucha, mistari na mistari, isiteleze. Alipokuwa anatafuta kuni za kuchomea, akamkuta Bibi Subilaga amesimama na mzigo wa kuni kichwani.

"Chukua," akasema. "Nilikuwa nimezifunga niondoke nazo tukitawanyika."

Siku ya soko ya mwisho, mvua ikinusika, walimwona Tusekile anateremka na chungu kichwani. Mikono ameiachia kabisa! Anapunga, anapiga soga, na kimejaa maji. Akakishusha mbele ya Bibi Subilaga, akamnywesha. Maji baridi. Nguo yake kavu. Na nyuma yake walikuja wanawake kumi na wanne wa mlimani, kila mmoja na kikapu cha ulezi, na mabinti wawili wamebeba vikapu vya Tusekile.

"Nataka kukilipia," Tusekile akasema. Akamwaga maji, akakifuta, akamimina ulezi. Ukafika shingoni, ukafika ukingoni, ukaishia hapo. Kilima hakipo. Wanawake wa Lufumbo wakatazamana. Ikupa akafumba macho.

Tusekile akainua kikapu cha pili, akakimimina chote juu ya mkeka, pembeni ya chungu. Kilima kikubwa ambacho Lufumbo haikuwahi kukiona.

"Hicho ni cha nini?" Bibi Subilaga akauliza.

"Ni cha maji yote yaliyonimwagikia mgongoni tangu niolewe," Tusekile akasema. "Haya, hawa wenzangu wanataka vyao. Mtachoma lini?"

Wakafinyanga siku hiyo hiyo, wakakausha kando ya moto, wakachoma chini ya mawingu. Mvua ikanyesha majivu yamepoa. Hakuna aliyetawanyika. Na Bibi Subilaga kwa mkono wake akachora mstari kwenye pembe ya tanuri, akasema, "Hapa ni pa Ikupa. Kila tukichoma, vitatu vya kujaribia. Vikiharibika, vimeharibika vitatu."

Ndiyo hiyo pembe, Suma. Jambo jipya lianze dogo, ulikabidhi kwa yule atakayelibeba, na likivunjika usitafute mtu wa kumgombeza, tafuta ufa.

Sasa. Kuna chungu changu kimoja cha pua hakipo, na nyuma ya ghala kuna udongo umefukuliwa upya kana kwamba kuna maiti ya panya. Sitaki kujua ni nani. Suma, mbona unalia? Kavifukue vipande, mama, uvilete hapa. Vipange chini taratibu, kimoja kimoja.

Enhe. Kimevunjikia wapi?

Mzigo wangu nimeutua. Aliyeupokea autie kichwani, aondoke nao bila kuumwaga.