Mkuu Aliyerefusha Kiti

Kiti hupimwa kikiwa kitupu. Mmewasikia wanasheria wakilisema neno hilo redioni, wakibishania sifa za mgombea urais, na sasa mnanizunguka mkitaka kujua lilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na sikilizeni vizuri, maana mimi sirudii.

Nchi ya Ukimbwe haikuwa na mfalme. Ilikuwa na Mkuu, aliyechaguliwa na watu wazima wote, na hakuna aliyeongoza zaidi ya vipindi viwili. Sharti la mgombea lilikuwa moja tu: avue viatu mbele ya umati, aketi kwenye kiti cha nchi, na nyayo zake zote mbili zilale ardhini. Asiyegusa udongo wa watu, walisema, asiwatawale. Kiti chenyewe kilikuwa kifupi, hivyo karibu kila mtu alikimudu.

Mkuu wa wakati huo aliitwa Lugendo. Msimdharau, alichimba visima na kumaliza ugomvi wa mipaka. Tatizo lake ni kwamba alinogewa na cheo. Kipindi chake cha kwanza kilipokaribia kwisha, kila gulio lilimtaja Limi, mwanamke mfupi mwenye kauli nzito, mpatanishi wa wakulima na wafugaji. Lugendo akaingiwa na hofu, akamwita seremala.

"Kirefushe kiti hiki," akamwambia. "Cheo kikubwa hakikai chini chini."

"Sawa, Mtukufu. Basi simama nikipime."

"Nisimame niende wapi? Pima hivi hivi nilivyokaa. Mguu wangu ndio kipimo."

Seremala akapima kutoka gotini mpaka chini. Mkuu alikuwa amevaa viatu vyake vya heshima, vyenye soli nene za ngozi ya nyati, na tangu apate cheo hakuwahi kuvivua hadharani.

Siku ya kuwapima wagombea, Limi alitangulia. Akaketi, miguu ikaning'inia. Watu wake wakaguna kwa huzuni, naye akashuka kwa aibu. Lugendo akatabasamu.

"Sasa zamu yako, Mtukufu," akasema Nkwabi, makamu wake, aliyesimamia shughuli hiyo. "Vua viatu."

"Mimi tena? Si nilishapimwa?"

"Ulipimwa kwa kiti kile cha zamani. Hiki ni kingine."

Lugendo akavua, akaketi. Akanyoosha miguu, akajisogeza mbele mpaka akakaribia kuanguka. Vidole viligusa, visigino vikabaki hewani.

"Vidole si nyayo, Mtukufu," akasema Nkwabi kwa upole. Umati ukaangua kicheko.

Ukimbwe ikabaki bila mgombea hata mmoja. Kwa desturi yao makamu alishika nchi mpaka uchaguzi, na aliyeshika hivyo hakugombea. Nkwabi alikataa hata kukikalia kiti. Aliagiza miguu ya kiti ikatwe, kirudi kimo chake cha zamani, ndipo akawaita wagombea upya. Limi na Lugendo wakapimwa, wakafaa wote wawili, na Limi akashinda kwa kura nyingi.

Wapambe wake hawakukawia kumjia.

"Mama, tumkomeshe yule mzee. Tuweke sharti jipya: Mkuu aliyewahi kushindwa kura asigombee tena. Nguvu unazo sasa."

Limi alikuwa binadamu, na aibu ya siku ile ilikuwa bado inamuuma. Wazo lile lilimvutia, siwafichi.

"Mngeniambia haya kabla sijaketi, ningewasikiliza," akasema mwishowe. "Sasa nimeshaketi, nitapima kwa mguu wangu. Kiti hupimwa kikiwa kitupu."

Kipindi cha Limi kilipokwisha, Lugendo alirudi uwanjani peku, akaketi, nyayo zikalala ardhini sawasawa. Watu walikuwa wamemsamehe, na walikuwa bado wanakunywa maji ya visima vyake. Akamshinda Limi.

"Unaona sasa?" wapambe wakamlaumu. "Tulikwambia!"

"Naona," akajibu Limi, akisimama kumpisha mshindi. "Naona amepita mlango uleule niliopitia mimi."

Lugendo alimsikia. Akabaki amesimama mbele ya kiti, ameinamisha kichwa, na kabla hajaketi akalirudia neno la mpinzani wake, lililokuwa limeshaenea magulioni, mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa: kiti hupimwa kikiwa kitupu.