Mwiko Mbichi wa Bi Mwajabu

Sogeeni, na mwenye karanga azitafune polepole. Hadithi hii ina watu watatu, na ukimpoteza mmoja njiani utahukumu vibaya.

Kwemtindi ni kijiji kilichobandikwa kwenye mgongo wa milima ya Usambara kama kiraka cha suruali. Wa kwanza wa watu wetu ni Singano, mpasua magogo. Huyu alikuwa akiligonga gogo kwa kisogo cha shoka, anatega sikio, kisha anasema litapasukia wapi. Gogo likatii.

Wa pili ni Hidaya, binti mwenye jicho. Alikuwa akipita penye nyumba inayojengwa akasema tu, "Ukuta huu umelala," akaenda zake. Fundi angeteremsha timazi huku akimtukana kimoyomoyo, halafu angeanza kubomoa.

Wa tatu ni Shembilu. Kipaji cha Shembilu ni kigumu kukieleza. Alikuwa hodari wa kutotumia vitu. Juu ya meko yake, kwenye uchaga, palikuwa na mipini mitatu ya mpera, minene kama kifundo cha mkono, aliyoikata miaka kumi na mmoja nyuma kwa ajili ya majembe ambayo hajawahi kuwa nayo. Ukimuuliza alijibu, "Jembe litakuja." Mipini ikazidi kula moshi.

Lakini kabla ya watatu hawa yupo Bi Mwajabu, mchonga miko, ambaye bila yeye tusingekuwa hapa.

Mchongaji wa Kwemtindi hukaa chini, akaubana mti kwa nyayo, mkono wa kushoto ukaushika, wa kulia ukapiga tezo, kishoka cha kuchongea. Na mti sharti uwe mbichi, kwani mkavu huirudisha tezo usoni kwako. Bi Mwajabu alichonga hivyo miaka arobaini. Kisha masika moja akateleza penye mteremko na ndoo ya maji kichwani. Ndoo ilipona. Mkono wa kushoto uliunga vibaya, vidole vikabaki vimekunjuka kama vya mtu anayekataa chai. Kila alipojaribu kuchonga, mti ulimkimbia.

Hilo lilimtisha kuliko maumivu. Tezo yake aliipokea kwa baba yake, baba kwa shangazi yake, na shangazi kwa mtu ambaye jina lake limesahaulika ila kazi yake haijasahaulika. Bi Mwajabu alikuwa na miaka sitini na minne na hakuwa amempata wa kumpokea. Wanawe wawili walichagua kazi za kukalia viti vilivyotengenezwa na wengine.

Na wachongaji wa kule wana desturi yao. Mtu akimtengenezea mchongaji kikalio cha kazi, mwiko wa kwanza utakaochongwa juu yake ni wake. Anayepewa mwiko huo ndiye anayefundishwa ufundi, naye ndiye huirithi tezo. Mwiko hutolewa ukiwa bado mbichi. Ukikauka mikononi mwa aliyeuchonga, basi ameshindwa kuchagua, na siku yake ikifika huzikwa na tezo yake.

Siku ya gulio Bi Mwajabu alichora kwa kidole cha mguu kwenye vumbi, katikati ya wauza mapeasi.

"Nilipokuwa msichana niliona benchi kwenye karakana ya misheni," alisema. "Unakaa hivi. Huku chini unasukuma mti kwa miguu, na huku juu kichwa cha mti huohuo kinainama na kuuma kazi yako. Miguu ndiyo inayoshika, wala huhitaji mkono wa kushoto. Atakayenitengenezea, desturi mnaijua."

"Na asiyejua kutengeneza, shemeji?" aliuliza Shembilu, ambaye ni mdogo wa marehemu mumewe.

"Akae akisubiri jembe."

Watu walicheka. Shembilu naye alicheka, maana hilo lilikuwa la kweli.

Wiki hiyo upepo uliangusha mgrevilia mkubwa mbele ya ofisi ya kijiji. Singano akaenda kuuomba. Mtendaji wa kijiji, Bwana Mbonea, alitoa fomu, akaisoma, akaisoma tena.

"Fomu inasema: maombi ya kukata mti uliosimama."

"Huu umeshalala, Mtendaji."

"Ndiyo shida yenyewe. Uliosimama una fomu, ila hauna ruhusa. Ulioanguka una ruhusa, ila hauna fomu."

"Basi tuusimamishe?"

Mtendaji alilifikiria hilo kwa uzito zaidi kuliko Singano alivyotarajia.

Siku kumi zikapita. Gogo likilala juani hivyo hupasuka ncha zake kama visigino vya kiangazi. Kwa hiyo kila alfajiri Singano alikwenda na ndoo ya udongo, akazipaka ncha zote mbili, akafunika kwa majani ya migomba, akamwagia maji. Alilihudumia kama mgonjwa. Siku ya kumi na moja Mtendaji alipata ufumbuzi. Penye "Hali ya mti" aliandika: *Ulikuwa umesimama*. Akagonga mhuri.

Singano akaligonga gogo, akasikiliza, akaweka kabari tatu. Lilifunguka kutoka ncha hadi ncha, nusu mbili nyeupe, laini kama zilizoshinda kwenye randa. Nusu moja aliizamisha kijitoni isikauke. Ya pili aliitengeneza benchi: kiti, kibano cha kusukuma kwa miguu, na miguu minne ya mti uleule mbichi, iliyopigwa wima kwenye matundu.

Lilikuwa benchi zuri, na Bi Mwajabu alitaka kulikalia siku hiyohiyo.

"Subiri," alisema Mtendaji. "Kitu kama hiki huzinduliwa."

Mgeni alitarajiwa kutoka wilayani Jumatano. Jumatano ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata gari likaharibika. Benchi likakaa siku ishirini na mbili kwenye ukumbi wa kijiji likiwa limefungwa utepe. Kumbukeni, mti mbichi ukikauka hunywea. Miguu ilinywea ndani ya matundu yake taratibu, wala hakuna aliyeisikia.

Mgeni alifika, akakata utepe, akasema maneno kuhusu ubunifu. Bi Mwajabu akakaa. Mguu mmoja ukaenda kwa mgeni, wa pili kwa Mtendaji, wa tatu na wa nne ikabaki kumtazama mwenye nayo akiwa chini.

Watu walipiga makofi, wakidhani ndivyo linavyofanya kazi.

Bi Mwajabu hakuinuka mara moja. Akiwa pale chini aliuona mguu wa benchi umelala karibu na mkono wake mbovu, akawaza kwamba vyote viwili vimeshindwa kushika. Hapo ndipo Shembilu alipochuchumaa, akauokota ule mguu, akaunusa.

"Shemeji, huu ulipigwa na maji yake. Ndiyo maana umekonda."

"Ulijuaje, wewe usiye na jembe?"

"Mwenye jembe huangalia shamba. Mimi miaka yote hii nimeangalia mipini ya wenzangu ikichomoka. Mbichi haimalizi msimu." Akaugeuzageuza mguu. "Sasa je, kiti kikiwa kibichi, na miguu ikawa mikavu kabisa? Kiti kitanywea, miguu haitanywea. Si kitaikaba koo?"

Singano aliuchukua ule mguu, akauweka sikioni. Katika miaka yake yote ya magogo, hakuwahi kulisikiliza gogo baada ya kulipasua.

Jioni Shembilu alifika nyumbani kwa Bi Mwajabu na mipini yake mitatu. Mkewe alikuwa amemsindikiza hadi mlangoni kwao kama anayeona msafara ukitoka. Mipini ilikuwa myeusi kwa moshi, myepesi, na ukiigonganisha ililia kama kengele.

"Mitatu," alisema Singano. "Benchi lina miguu minne. Mkavu wa nne tutautoa wapi?"

"Miguu minne ni ya watu wa tambarare," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Hidaya, amekuja na keekee ya kuazima begani. "Mzee Singano, niambie, Kwemtindi kuna sehemu gani iliyo sawa, ukiacha meza ya Mtendaji? Miguu minne hapa mmoja utaning'inia siku zote. Mafiga ni mangapi?"

"Matatu."

"Umeshaona chungu kinacheza?"

Kesho yake asubuhi waliitoa kijitoni ile nusu ya gogo, Singano akaichonga kiti kipya na kukifunga kibano cha benchi la kwanza. Hidaya hakupima. Alikizunguka, akarudi nyuma hatua sita, akafumba jicho moja, akamwambia Bi Mwajabu akae juu yake kikiwa bado chini na asukume kwa miguu kama anayechonga. Aliutazama mgongo wake ukienda nyuma, uzito ukihama. Kisha akatoboa matundu matatu kwa keekee, kila moja likiwa limelala upande wake: mawili ya nyuma yamechanua kama miguu ya ndama anayejifunza kusimama, la mbele limeegemea kule msukumo unakotoka.

"Umeyapinda," alisema Singano.

"Nimeyanyoosha. Mlima ndio uliopinda."

Wakapiga mipini. Safari hii hakuna aliyemwalika mgeni. Bi Mwajabu alikaa palepale uani penye mteremko, akasukuma kwa nyayo, kichwa cha kibano kikainama na kuuma kipande cha mti. Aliinua tezo. Ganda la kwanza liliruka, refu, la baridi, lenye harufu ya mvua. Mti haukukimbia. Alichonga akilia bila kupangusa, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kazi na wa pili haukuweza.

Na benchi? Kila siku kiti kilivyozidi kukauka, ndivyo kilivyozidi kuikaba miguu. Singano alijaribu kuuchomoa mmoja kwa nyundo, akachoka yeye.

Jioni ya siku ileile aliyoanza kuchonga, mwiko wa kwanza ulikamilika. Hapo ndipo tatizo lilipoanza.

"Nisiseme sana," alisema Singano, kisha akasema sana. "Siku kumi nimelinyonyesha lile gogo. Kama si mimi mngepata kuni. Hata benchi lililoanguka lilikuwa langu, na bila kuanguka lile msingejua lolote."

"Nimelijua kwa makalio, Singano, nakushukuru," alisema Bi Mwajabu.

"Siku kumi!" alisema Shembilu. "Mimi nimetoa miaka kumi na mmoja. Kuna aliyewahi kuketi bure muda huo kwa ajili yako, shemeji?"

"Na mimi nimetoa asubuhi moja," alisema Hidaya. "Lakini bila asubuhi hiyo, ubichi wa mzee Singano na ukavu wa mzee Shembilu vingebiringika pamoja hadi bondeni."

"Matundu matatu tu, binti!" alidakia Singano.

"Toboa wewe la nne basi, tuone."

Mtendaji, ambaye hakuitwa, alifika kuwakumbusha kwamba bila mhuri wake mti ungekuwa bado umelala pale. Kisha alipendekeza iundwe Kamati ya Tezo, yenye mwenyekiti, katibu, na mtunza hazina, ingawa hazina haipo.

"Baba yangu alisema jembe la watatu hulala na kutu," alijibu Bi Mwajabu. "Tezo ina mpini mmoja, Mtendaji. Karibu chai."

Usiku ule hakulala vizuri, wala uliofuata. Haki ilimchanganya, na kesho ikamchanganya zaidi. Singano ana miaka hamsini na tisa. Akimpa, tezo itatafuta mrithi mwingine upesi, pengine asiwepo. Hidaya ameposwa Korogwe, na mchumba yu tayari. Akimpa, ufundi utateremka mlima, na huenda huko ukapata uhai mpya, au ukafunikwa na sahani kabatini. Shembilu hatatoka Kwemtindi kamwe, hilo ni hakika. Lakini je, atachonga? Au ataipandisha tezo kwenye uchaga na kusema mti utakuja? Ingawa, aliwaza Bi Mwajabu akigeuka ubavu, hakuna kitu alichowahi kukitunza mtu huyo kikaharibika.

Watatu wale hawakugombana. Hilo ndilo lilimsumbua zaidi. Wangegombana angejua ni nani wa kumnyima. Kila asubuhi walipita uani mmoja mmoja, wakamwamkia, wakaligusa benchi kama mtu anavyogusa ng'ombe wake, wakatazama dirishani mwiko ulipoegemezwa.

Siku ya tano aliwapikia ugali wote watatu. Aliusonga kwa mwiko uleule, miguu yake miwili ikikibana chungu kwa matambara, mkono mmoja ukizungusha. Walikula. Singano alisifu ugali. Hidaya alisema mwiko umeinama kidogo kushoto, akaomba radhi. Shembilu alisema usioshwe kwa maji ya moto.

Walipoondoka, Bi Mwajabu aliuosha kwa maji baridi, akaupangusa, akauweka shavuni, kama alivyofundishwa na baba yake kupima maji ya mti. Bakuli la mwiko lilikuwa vuguvugu: limekauka. Mpini ulikuwa vuguvugu. Lakini pale shingoni, mpini unapokutana na bakuli, bado palikuwa na ubaridi mdogo, upana wa kidole gumba. Kesho asubuhi hautakuwepo.

Alitoka uani, akaketi juu ya benchi lake, mwiko mkononi. Kule njiani wale watatu walikuwa bado wanateremka, kila mmoja na taa yake, karibu na pale njia inapogawanyika mara tatu. Bado wako umbali wa kusikia mtu akiitwa jina.

Haya, nyinyi mnaotafuna karanga. Alifungua mdomo aite. Kama ulimi ule ungekuwa wako, ungeita jina gani?