Fungu la Kijani la Bwana Nyani

Paukwa.
Pakawa.
Chungu kiko wapi?
Uani.
Kinanuka?
Kinanuka hasa.
Basi sogeeni, na kila mtu ashike pua yake mwenyewe.

Alikuwepo Bi Sange, kijinyama cha kujaa kiganja, pua ndefu kama sindano. Mimba ilikuwa imekomaa na mbeleko hana. Akasokota pamba kiangazi kizima, nyrr, nyrr, nyrr, uzi ukatosha. Lakini mbeleko nyeupe ni upumbavu, waliolea wanajua. Akaenda kwa Bibi Kobe kujifunza kutia rangi ya nili, buluu iliyokolea.

"Loweka majani ya mnili, tia maji ya majivu, funika," Bibi Kobe akamwambia. "Kikinuka usikimbie. Ndiyo kinaiva hicho."

Chungu cha kwanza alikifunua mapema, rangi yote ikaenda na maji. Cha pili alikichemsha, kikafa. Cha tatu alikingoja siku tisa, kikanuka mpaka nzi wakahama. Akachovya uzi mmoja, chubwi, akautoa. Kijani, kama jani changa.

"Nimeharibu tena," akasema, akasonya.

Alipotaka kuutupa, uzi ukaanza kugeuka mkononi mwake. Kijani kikarudi nyuma, buluu ikaingia, pole pole, mpaka ukawa kama mbingu iliyotoka kunyeshewa. Hakuna aliyeugusa ila upepo. Bi Sange akakaa chini pu.

Kisha akatumbukiza uzi wote. Hapo akaingia Bwana Nyani, bila hodi. Huyu alichukua nusu ya kila kitu cha kila mtu, na nusu yake ilikuwa kubwa siku zote.

"Nini hicho kinanuka?"

"Uzi wa mbeleko, Bwana Nyani."

"Nautaka."

"Na mwanangu nitambebea nini?"

"Mgongo si unao?"

Bi Sange akamwita Bibi Kobe awe shahidi. "Basi tugawane kwa rangi," akasema, akainua ncha ya uzi mdomoni mwa chungu. "Chagua, wa kijani au wa buluu."

Nyani akachungulia, akaona kijani kitupu. Akacheka mpaka meno ya nyuma. "Wa kijani wangu wote. Wa buluu wako wote. Nikigusa wa buluu, mikono hii ioze."

"Utoe mwenyewe basi. Mimi mikono yangu mifupi."

Nyani akazamisha mikono mpaka viwiko, akauinua wote, chururu, chururu.

"Kobe, umeona? Kijani."

"Nimeona. Usiwe na haraka."

Upepo ukapita. Buluu ikaanza kwenye ncha, ikapanda, ikala uzi baada ya uzi. Bi Sange alikwisha kuiona mara moja, na bado akasahau kupumua.

"Mjukuu wangu," Bibi Kobe akamwambia Nyani taratibu, "hebu itazame mikono yako."

Vidole buluu. Viganja buluu. Buluu mpaka viwiko.

"Inaoza," Nyani akanong'ona. Akaulaza uzi chini kama anayelaza mtoto mchanga, akaondoka mbio, mikono ameinyoosha mbele asijiguse.

Bi Sange akajifungua mapacha. Mbeleko ikawatosha wote wawili.

Uzi wangu umekatikia hapo, mwenye meno aufunge. Na funzo lake, wanangu: mkubwa achague kwanza, mnyonge ashukuru kwa alichobakishiwa. Bi Sange alishukuru sana.