Bwana Itifaki wa Mpakani

"Neno gumu mtafunie mwenzio." Mmeyasikia maneno hayo leo kwa mjomba wenu alipowafafanulia habari za redioni, mkacheka, mkaniuliza maneno yanatafunwaje. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia kwetu mpakani.

Nilikuwa nimeolewa ng'ambo, nchi ya jirani, si mbali na kwa mama yangu, Bi Mejumaa. Nilikuwa na mimba ya kwanza, ndiye baba yenu huyo, na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza hupokewa na bibi mzaa mama. Siku zilipokaribia, redio ikatangaza kwamba serikali zetu mbili zimetia saini itifaki ya mpaka, na itaanza kazi Jumatatu.

Neno lile hatukulijua. Lilipita mdomo hadi mdomo, mwishowe itifaki ikawa mtu. Wakasema Bwana Itifaki amekwisha kuja, ni mkali, na atakayevuka atafungwa. Uchungu uliponishika, Jumatatu hiyo hiyo, mume wangu alimpelekea mama habari kwa dereva wa lori mwenye pasi ya kusafiria. Mama alifika kwenye kizuizi cha mpakani, akaogopa kuvuka. Akaketi juu ya furushi lake, analia.

Msafara wa mabalozi ulikuwa umesimama pale, ukisubiri kupita. Mama mmoja wa ubalozini, Bi Tunu, aliteremka, akachuchumaa vumbini na gauni lake la sherehe, akamuuliza kulikoni.

"Namwogopa Bwana Itifaki, mwanangu. Binti yangu anazaa, nami nitafungwa."

Bi Tunu hakucheka. Alimshika mkono.

"Mama, ulipomwoza binti yako, washenga walikaa?"

"Walikaa mpaka ubwabwa ukapoa."

"Wakakubaliana nini?"

"Mahari. Na kwamba asizuiwe kuja kwangu, wala mimi nisizuiwe kwenda kwake."

"Basi itifaki ndiyo hiyo. Si mtu. Nchi mbili zimekaa kama wakwe, zikakubaliana ninyi wa mpakani mvuke kwa kitambulisho tu, bila kudaiwa pasi."

Mama alifuta machozi. "Sasa mbona hamkusema hivyo?"

"Hapo tumekosa sisi, mama."

Wenzake walimwita garini, akawaomba wamngoje. Akawaeleza wote waliokuwa pale, hata wauza mihogo, kisha akamsindikiza mama mpaka kwa askari. Mama akavuka.

Alinikuta bado sijajifungua, akampokea baba yenu kwa mikono yake. Nilipomuuliza amepitaje, akaniambia, "Wenye meno ni wengi, mwanangu. Yule alinitafunia."

Hatukumwona tena Bi Tunu, lakini kila nikimtazama baba yenu namwombea heri. Na kwetu, habari za mataifa zikija na maneno mazito, anayejua huketi chini na asiyejua, akamweleza polepole. Akitaka kuondoka mapema, watu humshika nguo wakamwambia: neno gumu mtafunie mwenzio.